Natoka kwenye cc 150 nahamia kubwa: kruza, nekedi au advencha?

Tairi_Kavu (mwenye uzi):
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie maana nimezunguka mpaka kichwa kinauma. Nina kapikipiki ka cc 150, kamenitumikia vizuri sana sina ubaya nako, ila siku hizi safari zimerefuka na mara nyingi nimempakia mke nyuma, tukikutana na mlima mrefu injini inalia mpaka naionea huruma na malori yananipita huku yanapiga honi. Kwa hiyo nimeamua kupanda juu, kati ya cc 400 na 700 hivi, mpya au mtumba, itakayopatikana.

Shida ni aina. Moyo unataka kruza, zile za kukaa chini miguu mbele unatembea taratibu watu wanageuka. Akili inasema chukua nekedi, haina makava mengi, nyepesi, kwenye foleni inapenya. Halafu jamaa zangu karibu wote wanasema advencha, zile zilizonyanyuka za kupita lami na vumbi, utatushukuru.

Matumizi yangu: siku za kazi ni foleni kwenda na kurudi. Wikiendi safari ndefu kwa lami tukiwa wawili. Kipande cha mwisho kufika nyumbani ni vumbi, mvua ikinyesha linakuwa tope la kuteleza. Na mimi sio mrefu, advencha ya rafiki yangu nikiikalia nagusa chini kwa ncha za vidole tu. Msiniambie ninunue mbili, hela ni ya moja.

ChumaMzee:
Kruza. Uzi ufungwe.

Upepo_wa_Kusi:
@ChumaMzee kaandika tope wewe, soma kwanza

Fundi_Grisi:
Mkuu mwenye uzi, kwanza acha kuwaza injini. Watu wengi wanachanganya hapo, wanadhani kruza ina injini ya kruza na advencha ina injini ya advencha. Chukua Honda cc 471 ya silinda mbili, mwaka 2013 waliitoa kwa mpigo kwenye pikipiki tatu, CB500F ambayo ni nekedi, CBR500R yenye makava ya spoti, na CB500X ambayo ni advencha (siku hizi inaitwa NX500). 2017 wakaiweka kwenye Rebel 500 ambayo ni kruza, na 2023 wakaiweka kwenye CL500 ambayo ni skrambla, yaani ya lami yenye umbo la kupita na vumbi kidogo. Injini ile ile moja, aina tano! Kawasaki nao hivyo hivyo, cc 649 iko kwenye Z650, Ninja 650, Versys 650 na kruza yao Vulcan S. Sasa angalia tofauti inapokuja: Rebel siti yake iko milimita 690 kutoka chini, CB500F iko kwenye 785 hivi, CB500X inafika 830. Vulcan S inaizidi Z650 karibu kilo 40 na zinatumia moyo mmoja.

Kwa hiyo unachochagua hapa ni mambo matatu tu, usukani uko wapi, siti iko wapi, vikanyagio viko wapi. Hizo tatu ndizo zinaamua uzito wa mwili wako unaangukia wapi. Kwenye spoti unaangukia kwenye viganja. Kwenye kruza unaangukia wote kwenye kitako na uti wa mgongo, kwa sababu miguu iko mbele na huwezi kujiinua. Kwenye advencha na nekedi nyingi miguu iko chini yako, ukiona shimo unanyanyuka kidogo magoti yanameza. Hiyo ya kujinyanyua watu wanaidharau lakini kwenye barabara mbovu ndiyo shokapu ya tatu.

Halafu shokapu zenyewe. Kruza nyingi nyuma hazifikishi hata milimita 100 za kushuka na kupanda, ndio maana zinakaa chini vile, hakuna muujiza. Yamaha Ténéré 700 ina kama 200 mbele na nyuma. Sasa kipande chako cha vumbi kina urefu gani na kina mashimo kiasi gani? Jibu hilo ndio tuendelee.

Tairi_Kavu:
Aisee sikujua kama injini ni moja. Kipande ni kifupi, dakika kama kumi kwa mwendo wa pole, mashimo yapo ila sio ya kutisha, shida kubwa ni utelezi mvua ikianza. Kuruka milima na kuvuka mito sina mpango nayo.

Mbio_za_Asubuhi:
Mbona hakuna aliyependekeza spoti hapa? Lami ndefu ya wikiendi, kona nzuri, unalala juu ya tenki upepo unapita juu. Mwanamume unaendesha, huendeshwi.

BabaWawili:
@Mbio_za_Asubuhi na mke anakaa wapi, kwenye taa ya nyuma?

Mwenye uzi nisikilize mimi ninayepakia familia. Kila mtu hapa anakushauri wewe dereva, hakuna aliyeuliza habari ya shemeji. Safari ya saa tatu anayechoka kwanza ni yule wa nyuma, akichoka yeye na safari imeisha hata kama wewe bado una hamu. Angalia siti ya nyuma ina upana gani, vikanyagio vyake viko juu kiasi gani (kwenye spoti magoti yanakaribia kidevu), na kuna kitu cha kushika au anakushika wewe tumboni muda wote. Advencha hapa zinashinda bila ubishi, siti ndefu, pana, karia ya nyuma ina mishikio, unaweza kuweka boksi akaegemea. Nekedi za kawaida ni wastani, nyingi nyuma zimechongoka kwa ajili ya urembo. Rebel ya Honda kiti cha nyuma ni kama mto wa kuchomea sindano, sikudanganyi, kapande na shemeji dukani muone.

ChumaMzee:
Haya ngoja niandike kwa urefu maana mnaniona mhuni. Naendesha kruza miaka mingi na sitaki kingine. Kwanza uzito wake uko chini, kwenye foleni unasimama nyayo zote mbili chini hata barabara ikiwa imeinama upande, mtu mfupi anapumua. Pili inakufundisha utulivu, hutafuti kupita kila gari. Tatu matengenezo, baadhi zina mkanda badala ya cheni, hakuna kupaka mafuta kila baada ya kilomita mia kadhaa, suruali inabaki safi. Ila ndiyo, nakubali mbele ya wote, kwenye kona kali vikanyagio vinakwaruza lami mapema, na kwenye mashimo mgongo unahesabu moja moja. Kwa tope lake sipingi, kruza nzito na tairi pana la lami kwenye utelezi hainogi. Lakini kama kipande ni dakika kumi tu, mtu anaishi maisha yake yote kwa ajili ya dakika kumi?

Upepo_wa_Kusi:
Mara mbili kwa siku mzee, kila siku, na ndio kipande atakachoangukia

DadaKlachi:
Naomba niingie kwenye hii ya urefu maana mimi ni mfupi kuliko wote humu na naendesha advencha. Kaka mwenye uzi, usisome namba ya siti peke yake. Milimita 830 ya siti nyembamba na 830 ya siti pana ni vitu viwili tofauti kabisa, siti pana inakupanua mapaja mguu unapungua urefu. Halafu kuna kushuka kwa springi, ukiikalia inazama kidogo, nyingine inazama sana. Njia pekee ni kuikalia ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea.

Ya pili, huhitaji miguu yote miwili kufika chini. Unasogeza kitako upande wa kushoto kidogo kabla hujasimama, mguu wa kushoto unakanyaga nyayo nzima, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Ukizoea hufikirii tena. Ugumu uko sehemu mbili, kurudisha nyuma kwenye mteremko na kusimama ghafla kwenye tope ukiwa na mtu nyuma, hapo ncha za vidole hazitoshi na mimi sikudanganyi. Kwa hiyo kwa matumizi yako ya kupakia, hakikisha angalau mguu mmoja unafika wote.

Ya tatu, fundi atakwambia tuishushe tubadilishe kile kipande kinachoshika shokapu ya nyuma. Inawezekana, mimi nimeshusha. Lakini ukishusha nyuma inabidi ushushe na shokapu za mbele kidogo la sivyo inageuka nzito kwenye kona, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu, pikipiki inasimama wima mno upepo unaiangusha, inabidi stendi nayo ikatwe. Bora kwanza utafute siti iliyopunguzwa sponji.

Tairi_Kavu:
Dada asante sana, hiyo ya kusogeza kitako sijawahi kuisikia popote. Sasa naanza kuielewa. Swali lingine, naona advencha zinatofautiana tairi la mbele, zingine inchi 17, zingine 19, zingine 21. Hiyo ina maana gani kwangu?

Fundi_Grisi:
Hapo ndipo penyewe. Tairi kubwa la mbele linapanda juu ya jiwe na kutoka kwenye shimo kwa urahisi, ila kwenye lami linageuka taratibu zaidi. 21 ni ya watu wa porini kweli, Ténéré 700 ina 21 na siti milimita 875, achana nayo, sio yako. 17 ndio ya lami, nekedi na spoti karibu zote za kisasa, na hata Versys 650 japo inaitwa advencha ina 17 mbele na nyuma, kiukweli ni pikipiki ya safari za lami iliyonyanyuliwa. 19 iko katikati, lami sawa, vumbi sawa. CB500X ya 2013 ilianza na 17, kuanzia 2019 wakaiwekea 19. Kwa hiyo kama ni mtumba angalia mwaka, usinunue jina.

Na rimu uulize. Rimu ya kumimina haitumii tyubu, ukipata pancha unachomeka kamba ya mpira unajaza upepo unaondoka, tairi halijatoka hata. Rimu za spoku nyingi bado zinataka tyubu, pancha ikikukuta na shemeji jua kali mtafungua tairi lote. Royal Enfield Himalayan ile ya 411 ni ya spoku na tyubu, lakini siti yake ni milimita 800, rafiki kwa mtu mfupi, na haina haraka. Tatizo nguvu, ina nguvu za farasi kama 24, ukipanda wawili kwenye mlima mrefu malori yatakusubiri tena. Ile Himalayan mpya ya 450 ina karibu 40, ila siti imepanda hadi 825.

Kwa tope lako lakini, kuliko inchi za rimu cha kwanza ni meno ya tairi. Nekedi ukiivalisha tairi zenye meno ya wastani inatembea kwenye tope la dakika kumi vizuri tu, na advencha yenye tairi laini la lami inalala chali mbele ya majirani.

Foleni_Kali:
Mimi naongeza moja tu, kwenye foleni advencha yenye maboksi mawili pembeni imeshakuwa bajaji. Usukani mpana unagonga vioo vya magari. Kama foleni ni kila siku weka boksi moja la nyuma basi.

Mbio_za_Asubuhi:
Sawa nimekubali spoti sio yake. Ila nekedi bado. Akitoka kwenye 150 anaongeza kilo 50 na zaidi kwa mara moja, nekedi uzito wake ni rahisi kuuzoea na ikilala unainyanyua mwenyewe.

Tairi_Kavu:
Wakuu, leo nimeenda na mke kama BabaWawili alivyosema. Tumekalia Rebel, CL500 na CB500X ya rimu ya 19. Rebel mimi nilitabasamu, yeye akashuka kabla sijaweka mikono kwenye usukani. CL500 siti iko 790, miguu yangu inafika vizuri sana, mke kanyoosha mdomo kasema sawa lakini sio kwa safari ndefu. CB500X kakaa, kashika mishikio, kaniuliza tunaondoka lini. Mguu wangu wa kushoto unafika wote nikisogea kama dada alivyosema, wa kulia vidole. Akiwa nyuma inazama nafika vizuri zaidi, hilo sikulitegemea.

BabaWawili:
Kura imepigwa hiyo 😂 salimia shemeji

ChumaMzee:
Mmenishinda. Ukizeeka njoo kwangu.

DadaKlachi:
Hongera kaka. Kuzama hivyo ni kuzuri kwa miguu yako ila kusizidi, ukipakia kaza springi ya nyuma hatua mbili tatu la sivyo taa inamulika miti na mbele inakuwa nyepesi. Upepo wa tairi pia, kitabu chake kina kipimo cha mtu mmoja na cha wawili, sio kimoja.

Fundi_Grisi:
Na cheni. Pima ulegevu wake kama kitabu kinavyosema, usikaze ikakakamaa. Mtu akikaa nyuma mkono wa tairi unapanda na cheni inajikaza yenyewe, ukiwa umeshaikaza mno inakula beringi na sproketi. Kama ni mtumba, izungushe tairi la nyuma taratibu ukiangalia cheni, ikiwa sehemu inalegea na sehemu inakaza basi hiyo cheni imeisha, mpunguze muuzaji hapo hapo. Halafu iwashe ikiwa ya baridi, mwambie asiipashe moto kabla hujafika.