App ya kusajili wakulima inafuta fomu ukifungua kamera tu, halafu tunaambiwa tununue simu kubwa!

Wakuu habari zenu. Nimevumilia tangu msimu uanze ila leo acha niseme, na kama kuna mtengenezaji wa app humu asome mpaka chini.

Mimi nazunguka Rungwe kusajili wakulima wa parachichi, tunalipwa kwa fomu iliyokamilika, siyo kwa siku. App tumepewa na waliotuajiri, sitaitaja. Fomu ina kurasa nne, jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kata, kijiji, idadi ya miti, mwaka wa kupanda, mwisho kabisa unapiga picha ya mkulima na ya kitambulisho.

Juzi niko huko juu ya Kiwira, ukungu umeshuka mpaka migombani, niko na bibi mmoja katoa kitambulisho chake kwenye kimfuko cha nailoni alichokifunga fundo mbili. Ile namba ina tarakimu 20 jamani, nane za mwanzo tarehe ya kuzaliwa, halafu mbele kuna sifuri sifuri unazihesabu kwa kidole usije ukaruka moja. Nimejaza yote, nafungua kamera, napiga, nabonyeza sawa, narudi kwenye app, nyeupe! Ukurasa wa kwanza, hakuna kitu. Nikaanza upya, kamera, nyeupe tena. Mara ya tatu bibi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona unaandika tena, kitambulisho changu kina shida?" Mama wa watu akaanza kuogopa kwamba serikali haimtambui, kwa sababu ya uzembe wa mtu aliyekaa na kompyuta mahali pana umeme na wifi.

Nikapiga simu kwa watu wao wa msaada. Jibu: simu yako RAM ndogo (yaani kumbukumbu ya kuendeshea app), nunua yenye RAM kubwa, na usifungue app nyingine ukiwa unajaza. Nisifungue app nyingine wakati kamera mmeiita ninyi wenyewe ndani ya fomu yenu???

Sasa mimi jioni huwa najifunza kuandika app za Android, siyo mtaalamu lakini hili ni somo la mwanzo kabisa kwa hiyo msinidanganye. Simu ya RAM ya GB 2 ikifungua kamera, kamera inakula kumbukumbu nyingi, Android inaua app zilizoko nyuma ipate nafasi. Hiyo siyo hitilafu, ndivyo ilivyoundwa, na kabla haijaua inakuita kwanza, inakupa kifurushi kinaitwa Bundle kupitia onSaveInstanceState, kipande cha msimbo unachokiandika kwenye app yako, inakuambia weka humu unachotaka nikutunzie, mtu akirudi nakurudishia. Hiyo kitu ipo tangu Android ya kwanza, 2008! Mwaka 2017 Google wakaleta ViewModel, chombo cha kushikilia data ya skrini, baadaye SavedStateHandle, inayoitunza hata app ikiuliwa na mfumo, kazi imezidi kuwa rahisi. Ila kuna wanaoishia kwenye ViewModel wakadhani wamemaliza, kumbe hiyo inavuka kuzungusha skrini tu, mfumo ukiiua app yenyewe ViewModel inakufa nayo.

Na hilo la kuzungusha ndilo linaloumbua hoja yenu ya RAM. Mwanzoni fomu ilikuwa inafutika hata simu ikilala ubavu, na skrini kujengwa upya ikizungushwa ni kawaida ya Android hata simu iwe ya milioni mbili, RAM haihusiki kabisa. Mkafanya nini? Mkaifunga skrini isizunguke, mkaandika kwenye apdeti "tumeboresha". Mmefunika kidonda na nguo.

Ila kinachoniuma kuliko kuandika upya ni hiki. Kuna siku haifuti yote, jina linabaki maana Android yenyewe inatunza maandishi ya kisanduku kilichopewa ID yake ndani ya msimbo, lakini orodha ya vijiji inapakiwa upya na inarudi kwenye kijiji cha kwanza kwenye orodha. Kimyakimya! Usipotazama unatuma. Nimepitia fomu zangu za wiki mbili nimekuta wakulima kumi na moja wameandikishwa kijiji ambacho hawajawahi kulala hata usiku mmoja, na miche ikija inagawiwa kwa kijiji. Nani atawajibu?

Na hili mnaweza kulijaribu wenyewe kwenye simu yoyote ya Android kwa dakika tano. Ingia mipangilio, gonga namba ya muundo (build number) mara 7, zitafunguka chaguo za wasanidi programu, humo kuna swichi ya kuua kila skrini ukiiacha tu. Iwashe, jaza fomu, fungua kamera, rudi. Mtaona ninachokiona mimi mvuani. Na msije mkazijaza picha zenyewe kwenye Bundle, njia hiyo ina kikomo cha MB 1 hivi na nafasi hiyo inagawanwa na mambo mengine ya app, app italipuka. Tunza picha kwenye faili, kwenye Bundle weka anwani ya faili tu. Halafu fomu nzima iandikeni kwenye hifadhidata ya ndani ya simu kila mtu anapomaliza kisanduku, maana mtu akiifuta app kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni ile Bundle nayo inatupwa, na sisi huku chaji inakata katikati ya fomu kila siku.

Kijana mmoja fundi pale Mwanjelwa kaniambia nipige picha kwanza kwa kamera ya kawaida halafu nizichague kutoka galari. Inasaidia kiasi, wenzangu wa Busokelo jaribuni, lakini mkipigiwa simu katikati bado inaweza kufuta.

Jumatatu napanda tena Kiwira kwa yule bibi. Namwomba afungue kimfuko chake tena, nijaze fomu yake mara ya nne.