Milioni 6: nijaze stoo, ninunue hisa au niweke hatifungani?

DukaMbuyuni (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la jumla karibu na soko la Mbuyuni, na kuna milioni 6 sizihitaji mpaka mwakani. Kila bidhaa ikiadimika naona wenye stoo wanatengeneza hela, mimi nabaki kuombaomba mifuko miwili. Nijaze sukari na mafuta ya kula nisubiri? Au hisa za DSE, soko la hisa la Dar? Au hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, na UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja?

Mangi_Kiboriloni
Jaza stoo dada, achana na makaratasi. Aprili 2022 Indonesia walipozuia mafuta ya mawese yasitoke kwao, mwenye madumu ndani alilala usingizi.

Ngarenaro_Jumla (Arusha)
Na walipofungua je, Mangi? Zuio lilianza tarehe 28 Aprili, likaondolewa 23 Mei. Hata mwezi haukuisha. Aliyenunua bei ikiwa juu kabisa hakulala.

Yangu ni ya sukari, mapema 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda. Nilikuwa na mifuko 40 ya kilo 50, niliyonunua kwa 2,600 kilo. Nikauza 3,600, nikajiona nimeula: milioni 2 juu ya mtaji! Kwenda kujaza tena naambiwa 3,900. Hela yote niliyouza, milioni 7.2, ikanirudishia mifuko 36 na chenji. Daftari linasema nimepata, stoo inasema nimepungukiwa. Na Bodi ya Sukari ilishatangaza bei kikomo Januari, kwa hiyo nilikuwa nauza roho juu. Sukari ya nje ilipoingia bei ikashuka, ile mifuko 36 nikiwa bado ninayo. Msiniulize nilivyoimaliza.

FundiHesabu
Pole mkuu. Kuhusu hisa, dada usitegemee kukuta hisa ya kampuni inayopata bidhaa ikiadimika. TPC, kiwanda cha sukari, iko hapo Moshi, miwa unaiona ukishuka Arusha Chini, lakini DSE haipo. Utakuta benki, bia, saruji. Twiga, wa saruji, ana mawe ya chokaa yake mwenyewe Wazo Hill, Dar, angalau hilo halisubiri meli. Ila hisa nyingi za DSE ni nzito kuuzika: unaweza kuweka oda ukasubiri mnunuzi wiki nzima.

Mangi_Kiboriloni
Na Bahari ya Shamu ilivyochafuka mwishoni mwa 2023, meli zikishambuliwa? Vitu vya China si ndipo vilipopandia?

FundiHesabu
Meli ya China kuja Dar haipiti huko Mangi, inakatiza Bahari ya Hindi. Kilichotuumiza ni meli za Ulaya kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika: safari ikarefuka, makontena yakakaa baharini muda mrefu zaidi, nauli ikapanda hata kwa asiyehusika. Ngano ya Urusi ndiyo ya njia ile. Huko kukichafuka tena, ulizia unga wa ngano kabla ya masufuria.

MamaVicoba_Sakina
Hatifungani unaanza na milioni 1, riba mara mbili kwa mwaka. Lakini mwenzetu anataka hela mwakani, na ukiuza kabla ya muda unakula bei ya sokoni siku hiyo. Mimi ningeweka milioni 4 UTT, mfuko wa Ukwasi, na 2 kwenye mzigo unaotoka ndani ya wiki mbili. Bidhaa ikiadimika, wa jumla anampigia simu mwenye hela mkononi kwanza. Mwenye stoo iliyojaa hapigiwi.

DukaMbuyuni
Ngarenaro, hiyo mifuko 36 imenichoma. Mafuta yalinifanyia hivyo hivyo, ila sikuwahi kupiga hesabu. Mama, ukitoa hela Ukwasi inafika lini? Lori likiingia alfajiri halinisubiri.

MamaVicoba_Sakina
Siku chache za kazi, si saa hiyo hiyo. Laki tano ibaki kwenye simu, na mume asijue.