Mliopanda Kilimanjaro mkiwa wanafunzi na kulala kwenye mahema, tupeane uzoefu

Mdau wa Pasua

Wakuu, habari za Jumamosi. Klabu ya mazingira ya shule anayosoma mdogo wangu inaandaa safari ya Kilimanjaro likizo ya Juni. Watapita njia ya Machame, mahema mwanzo mwisho. Mama amekataa katakata, baba anasema "tutaona", na mimi kwa kuwa nilipanda enzi za chuo ndiye nimekabidhiwa kesi. Mliopanda mkiwa wanafunzi mwageni yenu hapa, ya kheri na ya shari. Naanza mimi.

Wengi wanadhani Marangu ndiyo njia ya wanafunzi kwa kuwa kuna vibanda na mwinuko wake ni wa taratibu. Sawa, kitanda ni kitanda. Lakini wengi huipanda kwa siku tano: unalala vibanda vya Mandara, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kuelekea kileleni. Mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi ya juu. Machame unapandishwa kutoka kambi ya Shira hadi Mnara wa Lava, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana pale huku kichwa kinagonga na kunguru wa shingo nyeupe wanakuvizia sahani, kisha unateremshwa kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Wenzangu walinung'unika sana: tumepanda ya nini kama tunashuka? Kesho yake waliokuwa wakitapika kule juu ndio walikuwa wanagombania chapati.

Kwa hiyo kwangu mjadala wa hema au kibanda ni wa bure. Ulizeni siku ngapi. Kama shule imepanga Machame ya siku sita, waongeze ya saba walale Karanga, kabla ya kambi ya mwisho. Hela ikigoma, waishie Shira warudi. Ni safari tosha kwa mtoto wa kidato cha tatu.

Mgumu Mstaafu

Mdau umesema kweli. Mimi nimebeba mizigo mlimani ujana wangu wote, wanafunzi nawajua kwa mabegi yao. Getini kuna mizani, mgumu (mpagazi) mmoja mwisho kilo 20. Sasa kijana anashusha begi lina spika, kopo zima la mafuta ya nywele na jinzi tatu, ukimuuliza jaketi la mvua hana. Siku ya kwanza Machame ni msitu, na mvua ya msituni haijali kama ni kiangazi. Jinzi ikilowa siku hiyo, utashuka nayo mbichi.

Jingine, kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, hakuna maji. Chanzo cha mwisho ni bonde la Karanga, na kila tone mnalokunywa Barafu limepanda kichwani au mgongoni kwa mtu. Niliwahi kumkuta mwanafunzi ananawia miguu maji ya chai. Sikumgombeza, nilimwonyesha tu kijana aliyeyaleta, amekaa juu ya jiwe anahema. Akaenda kumpa biskuti zake.

Binti Sayansi

Naongea kwa upande wa wasichana maana naona hakuna aliyegusa. Hedhi: wawili kati yetu ilitukuta mlimani kabla ya tarehe. Bebeni pedi hata kama kalenda inasema bado, na mifuko ya kuwekea zilizotumika, kwa sababu taka zote zinashuka na nyinyi. Mwalimu wa kike awepo. Hili lisiwe ombi, liwe sharti.

Mimi sikufika kileleni. Tulitoka Barafu karibu na saa sita usiku, tochi za kichwani zimepangana mpaka juu huko usijue zinapoishia na nyota zinapoanzia. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji yaliganda kwenye mdomo wa chupa, ingawa waongozaji walishatuambia tuilaze chupa kichwa chini ili barafu ianzie kwenye kitako. Baada ya kama saa mbili nikaanza kucheka ovyo. Mwongozaji, kupima kama mwinuko umenipanda kichwani, akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo, akaniambia nitembee juu yake, kisigino kwa kidole. Nikayumba. Hakubishana na mimi wala kunibembeleza, alimwita msaidizi wake, nikashikwa mkono nikateremshwa palepale. Kufika chini kichwa kikaachia, nikaomba uji.

Mdau, waulizeni shule: waongozaji wasaidizi ni wangapi? Mtoto mmoja akiteremshwa, anateremka na mtu mzima. Wakiteremka watatu kwa nyakati tofauti, nani anabaki na waliobaki?

Chaki na Dasta

Nafundisha jiografia na nimewahi kuongozana na vijana mpaka juu. Darasani unachora volkano ubaoni wanapiga miayo. Ukiwasimamisha uwanda wa Shira ukawaambia huu nao ulikuwa mlima wa moto, kinywa chake kikaporomoka, wanaanza kuokota mawe wenyewe. Kilele cha Mawenzi nacho kimekufa. Kibo, kile kirefu zaidi, kimelala tu, ndani ya shimo lake la Reusch gesi yenye harufu ya kiberiti bado inatoka.

Barafu yenyewe ya huko juu, siyo kambi, ndiyo iliyowanyamazisha. Ukitoka Stella Point, ukingoni mwa shimo la Kibo, kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, mkono wa kushoto unaona mto wa barafu wa Rebmann, kuta zimesimama wima kama zimekatwa kwa msumeno. Kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu ilitoweka. Kijana mmoja akauliza, mbona hatuoni maji yakitiririka? Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Sehemu kubwa ya barafu ile hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye jua kali na hewa kavu, na theluji mpya inayoanguka haitoshi kuziba pengo.

Na wale wanaosema barafu ikiisha mito ya Moshi inakauka, hapana. Maji yetu mengi yanatokana na mvua na ukungu wa ule msitu aliousema Mgumu. Mkitaka kuogopa, ogopeni shoka na moto.

Nanyuki Yetu

Hamjambo majirani. Sisi huku wanafunzi hupelekwa Mlima Kenya, njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses mita 3,300, kambi ya Shipton's mita 4,200, halafu alfajiri kilele cha Point Lenana, 4,985. Vilele vya Batian na Nelion ni vya wapanda miamba wenye kamba, wanafunzi huviangalia tu. Lewis nayo, ule mto wa barafu ulio chini ya Lenana, imebaki kipande.

Onyo langu ni pimbi wa Shipton's. Walifungua begi la mwenzetu wakala mkate wote, na hawakukimbia alipowakuta. Halafu msipike maharagwe. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, tulikaa na sufuria mpaka gesi ikaisha.

Mdau wa Pasua

Asanteni sana, nimenakili yote. Mgumu, swali la viatu: dogo ana raba za mpira wa miguu tu, na buti mpya bei yake sitaki hata kuitamka.

Mgumu Mstaafu

Usinunue mpya. Moshi wapo wanaokodisha, au pita soko la mitumba la Memorial asubuhi mzigo ukifunguliwa. Ajaribu akiwa na soksi mbili, nzito juu ya nyepesi, asimame kwenye mteremko aone kama kidole gumba kinagonga mbele. Kikigonga, apande namba moja. Azivae nyumbani wiki kadhaa, hata akienda dukani. Na kucha azikate kabla ya safari. Watu huwaza kupanda tu, ila kutoka Barafu mpaka geti la Mweka ni kushuka mwanzo mwisho, na huko wanaolia ni magoti na vidole.