Kutangaziwa kwenye kipaza sauti kwamba "hili si Bwawa la Hombolo" mbele ya mama mkwe wangu: huyu bwana wa safari za pwani tutamvumilia hadi lini?

Mama wa Ipagala (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu. Ninaandika mchanga ukiwa bado kwenye mabegi na hasira ikiwa haijapoa, kwa sababu nikisubiri hadi kesho nitaandika kwa upole ambao mtu huyu hastahili hata kidogo. Jina lake silitaji, na sioni haja ya kulitaja. Ni yule yule wa kofia ya ukili na filimbi shingoni, ambaye kila ikikaribia Disemba huanza kukusanya michango ya kutupeleka watu wa Dodoma baharini, na ambaye nusu ya jiji hili imekwisha kumlipa na nusu nyingine anaidai.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa ufukweni Dar es Salaam, saa nane mchana, nimo majini na watoto wangu, maji yamenifika kiunoni, nina furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu mwaka uanze. Mara nikasikia filimbi, kisha sauti yake kwenye kile kipaza sauti ambacho naamini kilisikika hadi Zanzibar: "Mama mwenye dera la kijani, toka huko, hili si Bwawa la Hombolo!" Ufukwe wote ukaangua kicheko. Walicheka wauza madafu, walicheka wapiga picha, walicheka vijana waliokuwa wakicheza mpira mchangani hadi mpira ukawaponyoka ukaingia baharini. Na mama mkwe wangu, ambaye nilimbembeleza miezi kadhaa hadi akakubali kuja kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajifunika khanga usoni.

Mbele ya mama mkwe wangu, wanajukwaa. Sikuambiwa pembeni, wala hakutumwa mtoto kuja kuniita. Nilitangazwa, tena kwa rangi ya nguo, ili hata asiyenijua anijue.

Sasa sikilizeni tulivyofika hapo. Safari yenyewe haikuwa na neno. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ilitufikisha salama, na mama mkwe alikaa dirishani akihesabu vituo kwa raha zake. Balaa lilianza na ratiba ya huyu bwana. Aliiandika akiwa huku huku kwetu, mahali palipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, bila kuiuliza bahari yenyewe ina mpango gani siku hiyo. Ratiba ilisema kuingia majini ni saa nne asubuhi na kutoka ni saa nane mchana. Saa nne tulipofika, bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wenyeji wanatembea mbali huko kwenye mwani, mahali ambapo sisi tulidhani ni kilindi. Yeye akapuliza filimbi akasema, "Karibuni majini!" Maji yapi? Tukakaa chini ya jua la Disemba, jua la unyevu ambalo si kavu kama la kwetu, tumepangwa mchangani kama magunia ya mtama yanayosubiri lori, tukila biskuti na kuitazama bahari kwa mbali.

Kuelekea saa nane maji yakaja. Yalikuja vizuri, ya uvuguvugu, watoto wakayapigia kelele za furaha, nami nikaingia. Hapo hapo ndipo muda wake wa ratiba ulipokwisha, na hapo hapo ndipo aliposhika kipaza sauti. Yaani mtu aliyetuweka mchangani saa nzima nne kusubiri bahari ndiye huyo huyo aliyenifukuza bahari ilipofika, na badala ya kusema muda umekwisha, akaona anitangazie Hombolo.

Na Hombolo imemkosea nini? Bwawa lile la hapa kwetu Dodoma limekuwepo tangu mwaka 1957, perege wake wamesomesha watoto wa watu, na yeye mwenyewe nimewahi kumwona akiwala kwa mikono miwili. Angekuwa mtani wangu ningenyamaza, kwa kuwa utani una wenyewe na una heshima yake. Huyu si mtani wangu, si shemeji yangu, si jirani yangu. Ni mtu niliyempa mchango wangu mkononi.

"Mama mwenye dera la kijani." Dera lile nililishona kwa ajili ya safari hiyo. Sitalivaa tena.

Zabibu ya Mpunguzi

Pole sana, dada yangu, na wala usidhani uko peke yako. Mwaka jana alinitangaza mimi, tena kabla hatujafika ufukweni, kwamba kuna mzee amevaa jaketi okozi ndani ya basi, na kwamba maji yapo mbali bado. Nilikuwa nimelivaa ili nione kama linanitosha. Kisha aliyetuahidi samaki wa kukaanga alituletea wali na kabichi, wakati wavuvi wanashusha samaki mbele ya macho yetu, mtu ukinyoosha mkono unamgusa. Kabichi tumeiacha sokoni Majengo, tumesafiri kilomita zaidi ya 400, tumeikuta kabichi inatusubiri.

Kijana wa Chang'ombe

Mleta uzi, nimesoma kwa makini na nina swali moja tu. Huyo mama mkwe aliyejifunika khanga usoni alikuwa analia au alikuwa anacheka? Naomba ufafanuzi, kwa sababu uzi wote umesimama juu ya khanga hiyo.

Mama wa Ipagala (mleta uzi)

Kijana, mama yule alifedheheka, na kuanzia hapo hadi stesheni hakunisemesha zaidi ya kuniomba maji ya kunywa. Ukioa utaelewa maana ya kutangazwa mbele ya mkwe. Kwa sasa naomba usiniharibie uzi.

Nahodha Mstaafu

Mimi ni mtu wa Kunduchi, niko Dodoma kwa ajili ya wajukuu, na jambo hili limeniuma kwa sababu lingeepukika kwa kutazama mwezi tu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo mtu hawezi kuandika saa moja ya kuogelea akaitumia msimu wote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, na tofauti ya kujaa na kukupwa hapo Dar es Salaam huzidi mita 3. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Kwa maelezo yako, dada, nyinyi mlipelekwa siku ya bamvua. Siku hizo pwani ile maji hukupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na hujaa alasiri. Mtu anayejua kazi yake angewapeleka asubuhi Makumbusho ya Taifa au soko la samaki la Feri, akawapa chakula cha mchana mapema, akawaingiza majini saa nane na kuwatoa saa kumi, maji yakiwa bado hayajawa makubwa kwa watoto. Huyu bwana alifanya kinyume chake chote.

Na jambo la pili. Mtu aliyeko majini haitwi kwa kuchekwa. Akishtuka akageuka vibaya, wimbi humchukua. Sisi tulikuwa tunamfuata mtu hadi tunamfikia, ndipo tunasema naye.

Kijana wa Chang'ombe

Nahodha ameeleza vizuri, lakini bado sijajibiwa kuhusu khanga.

Mkazi wa Nkuhungu

Kipaza sauti ni jambo dogo mno ukilinganisha na lililotupata sisi katika safari ya kisiwa cha Mbudya. Mwenye boti alitutajia nauli, tukaafikiana, akatuapia kwamba ni ya kwenda na kurudi na kwamba kiingilio cha hifadhi kimo humo humo. Wote tunafahamu kwamba visiwa vile, Mbudya na Bongoyo, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975 na kiingilio chake kinajulikana. Kufika kisiwani tunadaiwa kiingilio upya. Tukalipa, tukaoga, tukapumzika chini ya mibuyu, tukasema basi yaishe. Jioni anakuja kutuchukua, anatutajia nauli ya kurudi! Tulipomkumbusha makubaliano, aliwasha mashine akazunguka kisiwa taratibu huku anatutazama, hadi mke wangu akafungua pochi. Nawauliza, nani mwenye kosa kubwa zaidi, aliyekutangaza au aliyekuacha kisiwani?

Mama wa Ipagala (mleta uzi)

Aliyenitangaza. Wewe ulipoteza fedha, na fedha hutafutwa.

Binti Makole

Dada, nakuunga mkono, na nitakuunga mkono hadi mwisho. Mimi nilikuwepo safari ile, nilikuwa nyuma kidogo na chupa ya maji mkononi, na nakuhakikishia kwamba alisema mara mbili. Mara ya kwanza wewe hukusikia kwa sababu ya mawimbi. Mara ya kwanza alisema "mama mnene".

Mama wa Ipagala (mleta uzi)

Alisema nini?

Mfugaji wa Kongwa

Mimi siwaelewi ndugu zangu. Mnaondoka Dodoma kwenda kutukanwa Dar es Salaam kwa fedha zenu wenyewe, wakati maji ya kukaa kando yake yapo hapa hapa. Nendeni Hombolo, ni mwendo mfupi, mnarudi jioni mkiwa na samaki. Au nendeni Mtera, mkaone maji yanakogusana Dodoma na Iringa. Hakuna kipaza sauti, hakuna filimbi, hakuna mtu wa kofia ya ukili.

Mkazi wa Nkuhungu

Mtera kuna mamba na viboko, mzee. Mamba hatumii kipaza sauti, ni kweli, lakini hakupi nafasi ya kuja kulalamika jukwaani.

Mfugaji wa Kongwa

Nimesema kukaa kando, sijasema kuogelea. Watu wa siku hizi hamsomi.

Zabibu ya Mpunguzi

Tusisahau pia upande wa mihogo. Nimefika Coco Beach jioni ya Jumapili, mihogo inanukia, pilipili ipo, ukwaju upo, nikasema leo nimefika pwani. Kijana wa jiko akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka makao makuu ya nchi. Bei ikapanda pale pale, mbele ya mteja mwingine aliyekuwa ametoka kulipa bei ya chini kwa sahani hiyo hiyo. Tangu siku hiyo nikifika Dar es Salaam ninasema natoka Mbagala.

Mtumishi wa Area D

Afadhali mihogo. Mimi nililetewa samaki mezani bila kutajiwa bei, nikamla kwa moyo mweupe pamoja na familia, na nilipoletewa hesabu nilidhani wamenijumlishia na ngalawa iliyomvua. Nilipolalamika, mhudumu akaniuliza kwa nini sikuuliza mapema. Mteja anapaswa kuuliza, au mwenye biashara anapaswa kusema? Msimu wa joto wote ni mtindo huo, kwa sababu wanajua kwamba wageni wa Disemba wana haraka na wana watoto wanaolia njaa.

Nahodha Mstaafu

Samaki huulizwa bei akiwa mbichi, kabla hajaingia kwenye mafuta. Hiyo ndiyo desturi ya pwani yote, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Unamchagua, unamshika mkia, unatajiwa bei, ndipo anakwenda jikoni.

Mtumishi wa Area D

Nahodha, kwa heshima yako, hakukuwa na samaki mbichi wa kushika mkia. Aliletwa akiwa tayari na ndimu juu.

Mama wa Ipagala (mleta uzi)

Ndugu zangu, nawaomba turejee kwenye mada. Nimempigia simu huyu bwana asubuhi hii nikitaka aniombe radhi, na awe na kipaza sauti kile kile anaponiomba. Amenijibu kwamba ile ilikuwa sehemu ya burudani ya safari, na kwamba burudani imo ndani ya mchango. Nimeshindwa hata kumjibu. Mtu anakutangaza mbele ya mama mkwe wako, kisha anakuambia umekwisha kulipia!

Binti Makole

Na "mama mnene" nayo ilikuwemo ndani ya mchango?

Kijana wa Chang'ombe

Nahodha, huyo samaki wa Area D kwa maelezo yake ulimdhania ni wa aina gani? Mimi nasema ni kibua, na kibua hawezi kufika bei hiyo hata kwa Disemba.

Nahodha Mstaafu

Akiwa mkubwa wa kutosha familia, si kibua. Kibua ni mdogo, watu hula wawili watatu. Huyo atakuwa changu au kolekole. Alikuwa na mistari?

Mtumishi wa Area D

Hakuwa na mistari, alikuwa mwekundu, na kichwa chake peke yake kilijaza sahani. Nina picha yake. Nitafungua uzi wake jioni, na risiti nitaiweka.