Tumetoka tamasha la chakula na njaa yetu na kuponi 16 mkononi. Nazipeleka wapi?

MamaWawili

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisikilize kidogo, maana nyumbani wameshanichoka na hii habari.

Jumamosi nilimchukua mama yangu na wanangu wawili tukaenda tamasha la chakula. Bango lilivutia kweli: mabanda 60, kivuli, viti, michezo ya watoto, vyakula vya kila aina. Mama amevuka miaka sabini na magoti yanamsumbua, na hilo neno "viti" ndilo lililomtoa ndani.

Getini foleni ya kwanza, ya kuingia. Ukishaingia unakutana na ya pili, ya kununua kuponi, kwa sababu mabandani hawapokei pesa taslimu. Dirisha moja, mashine ya kadi moja, na mtandao ukikata yule binti anatoka nje na mashine ameinyanyua juu ya kichwa, anazunguka uwanja kutafuta mawimbi huku sisi tunamsindikiza kwa macho. Kuponi haziuzwi mojamoja, ni kitabu cha 10. Sahani karibu zote ni kuponi 4, maji 3. Pigeni hesabu wenyewe: ili kitabu kiishe sawasawa, ule sahani moja na unywe chupa mbili za maji, kama mtu aliyekuja kumeza dawa. Nikachukua vitabu vitatu.

Hayo mabanda 60 sikuyaona. Kwa vile foleni ilikuwa haisogei niliyahesabu: 22, na humo ndani kuna la bima, la simu na la magodoro. Viti vilikuwepo, vya wageni rasmi, vimezungushiwa kamba. Mama alilimaliza tamasha akiwa amekaa kwenye godoro la maonyesho. Kijana wa pale alimwona, akamkaribisha, akamletea na mto. Kwa mtazamo wangu huyo ndiye mtu pekee pale uwanjani aliyejua kupokea wageni.

Foleni ya tatu ndiyo ya chakula chenyewe. Tumesimama kwa ajili ya kuku wa kuchoma mpaka watoto wamekaa chini. Tunafika mbele: "Kuku ameisha mama, umebaki wali." Wali upo kwenye beseni, umefunikwa kitambaa, vuguvugu. Anayepakua ndiye anayepokea kuponi, kwa glavu ileile. Mama akautazama, akasema yeye hali. Mimi na watoto tulikula, sahani mbili tukagawana, tukachukua na maji mawili. Wakati wote huo mshereheshaji yuko jukwaani, kila baada ya wimbo anauliza, "Mnafurahi?" Na watu wanaitika! Sijui walikuwa akina nani.

Nimebaki na kuponi 16, yaani zaidi ya nusu. Nimewaandikia waandaaji, wamejibu mstari mmoja: haziwezi kurudishiwa pesa, imeandikwa nyuma. Kweli imeandikwa, kwa herufi ambazo hata mwanangu wa darasa la pili ilibidi aisogeze karatasi puani.

Maswali yangu: kuna njia ya kudai hizi pesa, au nizigeuze alama za kusomea vitabu? Na huo wali, mama alikuwa anadeka au alikuwa na hoja? Hakuna aliyeumwa, namshukuru Mungu. Tena, mtu anajuaje mapema kwamba tamasha litakuwa la hivi, kabla hajaingiza pesa?

Kijiko_Tupu

Pole sana dada. Ila na wewe umekaa siku nzima kwenye banda la magodoro hukununua hata mto? 😂

NyumaYaBanda

Pole dada yangu. Mimi nipo upande wa pili wa meza, napika kwenye matamasha, kwa hiyo ngoja nikwambie yanayotokea nyuma ya hilo beseni.

Kwanza, jua kwamba ile kuponi ukishampa muuzaji, yeye bado hajalipwa. Anazikusanya, jioni anazihesabu na mwandaaji, mwandaaji anakata asilimia yake, halafu anasema pesa utaipata "wiki ijayo". Wiki ijayo ya nani, hasemi. Wakati huohuo ada ya banda tulilipa mapema, mkaa au gesi tumenunua, vijana wa kusaidia wanataka chao siku hiyohiyo. Mtu anayelipwa baadaye hapiki kwa kujitanua. Anapika kiasi ambacho hata asipolipwa hatafilisika. Kuku wako aliishia hapo. Hakuisha kwa sababu watu walikula sana.

Pili, idadi. Ukimuuliza mwandaaji watu wangapi watakuja, anakutajia ile namba aliyowapa wadhamini, si ile aliyonayo kichwani. Ukishachomwa mara moja kwa kupika chakula cha umati ambao haukuja, mara nyingine akikutajia elfu tatu wewe unapikia mia mbili.

Tatu, umeme. Hii wageni hawaijui kabisa. Jenereta la kVA 20 (hicho ndicho kipimo cha ukubwa wake) kwa hesabu ya kawaida linakupa kama kilowati 16. Kikaangio kimoja cha umeme cha biashara kinakula kilowati 3. Vikaangio vitano, limejaa. Sasa weka mafriji, weka taa, weka na spika za jukwaa zilizochomekwa palepale kwa sababu fundi muziki amekuja amechelewa na waya wake mfupi. Linazima. Likiwaka tena mafuta yameshapoa, unaanza kupasha upya, na foleni inakutazama kwa chuki. Nimeshaona muuzaji akichomoa friji la nyama ili kikaangio kiwake. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwa swali lako la kujua mapema: ukifika, usikimbilie dirisha la kuponi. Zunguka kwanza. Nenda mwisho wa uwanja nyuma ya mabanda uangalie kama kuna tangi la maji na mahali pa kunawia. Muulize muuzaji yeyote kwa upole, "Hawa wanawalipaje?" Uso wake utakujibu kabla ya mdomo. Na angalia nani anasimamia mabanda. Ukiona wenye vitambulisho shingoni wote wako jukwaani na hakuna hata mmoja anayepita kwa wauzaji, rudisha mama nyumbani.

Hesabu_za_Foleni

NyumaYaBanda ameeleza vizuri, naomba niongeze namba kidogo maana mimi foleni ndiyo kazi yangu.

Tuseme banda linatoa sahani moja kila dakika moja na nusu, na hapo tayari wanachapa kazi. Ni sahani 40 kwa saa. Dada katoa 22, ukiondoa bima, simu na magodoro ni mabanda 19 ya chakula, sawa na sahani 760 kwa saa uwanja mzima. Idadi ya watu hakuitaja, kwa hiyo nachukua 3000 kama mfano tu. Wote wakitaka kula mchana, wa mwisho anapata sahani yake karibu saa 4 baada ya wa kwanza.

Lakini watu haohao 3000, wakija kwa kutawanyika kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ni kama 430 kwa saa. Mabanda yaleyale, wapishi walewale, na foleni ni ndogo tu. Tatizo ni kwamba bango lenyewe huwa linawakusanya: msanii anapanda saa 8, basi kila mtu anafika saa 7 akiwa na njaa. Wanaojua kazi huuza tiketi za kuingia kwa vipindi, au wanaanza na msanii asubuhi kabisa.

Kuna kanuni ambayo mtaalamu wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa watu waliomo kwenye mfumo, mfano foleni, ni sawa na kasi yao ya kuingia mara wastani wa muda wanaokaa humo. Kwa mtu aliyesimama juani inageuka hivi: hesabu walio mbele yako, tazama dakika 5 wanahudumiwa wangapi. Mbele wako 60, na dakika 5 wamehudumiwa 4? Hiyo ni saa moja na robo. Amua hapohapo, usingoje miguu ikuamulie. Na kama kuna foleni ya kuponi halafu ya chakula, fanya hesabu ya chakula KABLA ya kununua kuponi. Wengi tunafanya kinyume, kisha tunakaa kwa sababu tumeshalipa.

Afya_Jikoni

Kuhusu wali, nakujibu moja kwa moja: mama yako alikuwa na hoja, tena nzito.

Watu huogopa nyama na kuuamini wali. Mchele mara nyingi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo zinaweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa vuguvugu kwenye beseni, zinaamka, zinaongezeka, na zinaweza kutoa sumu inayoleta kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Sumu hiyo haiondoki ukipasha upya. Kwa hiyo yule anayekwambia "ngoja nikupashie" hajakusaidia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa mambo matano ya usalama wa chakula, na mpaka leo ndio tunaofundishia. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 mpaka kinapakuliwa, au kishushwe chini ya 5. Katikati ya hapo kisizidi saa 2. Beseni lenye kitambaa halina moto chini wala barafu, liko katikati mchana kutwa.

Wewe huna kipimajoto mfukoni, lakini una macho. Chakula cha nyuzi 60 na kitu kinatoa mvuke kifuniko kikifunguliwa. Kama hakuna mvuke, ondoka. Kuku umwone akiiva mbele yako na umajimaji wake uwe mweupe, usio na damu. Na hiyo glavu iliyoshika kuponi 200 za watu 200 ni chafu kuliko mkono ulionawa kwa sabuni. Glavu inampa anayepakua amani ya moyo, basi.

Kutoumwa si ushahidi kwamba wali ulikuwa salama. Mmebahatika. Msalimie mama.

Kijiko_Tupu

Narudi kwa adabu sasa. Kuhusu pesa: mnakumbuka lile tamasha la Fyre, Bahamas, 2017? Watu waliuziwa kisiwa cha anasa na wapishi wakubwa, wakakuta mahema na mkate wenye jibini kwenye boksi la plastiki. Siku chache kabla hawajafika walikuwa wameshaombwa wajaze pesa kwenye mikanda ya mkononi, eti huko hakutakuwa na haja ya taslimu. Mwandaaji, Billy McFarland, alihukumiwa miaka 6 jela mwaka 2018 kwa ulaghai.

Sisemi hawa wa kwenu ni matapeli, pengine ni uzembe tu. Ila tangu hapo, mtu akiniambia ninunue kuponi au nijaze mkanda kabla sijaona moshi wa jiko, najua hatari yote ameniwekea mimi. Pesa yake ameshaipata, chakula changu ni ahadi.

Fanya hivi dada: achana na hoja ya "naomba mnirudishie", wameshakuonyesha maandishi ya nyuma. Dai kwamba kilichotangazwa hakikutolewa. Bango lilisema mabanda 60 na viti. Nchi nyingi zina sheria ya kumlinda mnunuzi, na kwa kawaida maneno "hazirudishwi" hayamwondolei muuzaji wajibu wa kutoa alichokitangaza. Tafuta lile bango mtandaoni ulihifadhi leo, kabla hawajalifuta. Piga picha kuponi zote 16, mbele na nyuma. Andika barua fupi, dai moja, kiasi kamili, tarehe ya mwisho ya kujibu. Kama ulilipa kwa kadi, waulize benki yako kuhusu kupinga muamala, wengi wana utaratibu huo, ila muda wake una kikomo, usikae nayo.

MamaWawili

Asanteni sana wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Mama nimemsomea ya Afya_Jikoni, sasa hakamatiki.

Bango nimelipata, lilikuwa bado lipo. Nimewatumia barua kama alivyosema Kijiko_Tupu, na safari hii wamejibu haraka: wanasema kuponi zangu zitatambuliwa tamasha la mwaka kesho. Nikubali au nikatae?

Hesabu_za_Foleni

Kataa. Mwaka kesho utahitaji kuponi 20 kwa sahani.

NyumaYaBanda

Kataa, lakini kwa maandishi, na uwaambie tarehe yako ya mwisho iko palepale. Wakikwambia hawana pesa, waulize wauzaji wameshalipwa lini, uone watakavyojikunakuna.

Halafu dada, hiyo barua uliyoandika niwekee hapa, futa majina. Kuna mwandaaji mmoja ananidai subira tangu msimu uliopita, nibadilishe "kuponi 16" niweke "kuponi 412" nimpelekee.