Kabureta nne zimegoma kutoka: joto, mkanda au nondo?

Pasua78 (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki, Honda CB750 ya 1978, nimeachiwa na mjomba. Imelala bandani miaka mingi, turubai juu, kuku juu ya turubai. Nataka kusafisha kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, lakini hazitoki. Tenki liko chini, waya wa mafuta nimetoa, klipu zote nimelegeza. Nikivuta zinacheza kama jino bovu, halafu zinarudi palepale. Mipira inayoziunga na injini imekuwa migumu kama kwato. Fundi wa mtaani anataka kutia nondo. Mliowahi kupambana na hizi, mnasemaje?

Gereji_Unga (Arusha)
Nondo irudi kwa mwenyewe. Kabureta ni aloi laini, na katikati kuna vibomba vyembamba vya kugawa petroli. Kijana mmoja hapa alipenyeza bisibisi kati ya kabureta ya pili na ya tatu akakandamiza. Kilichoachia ni kibomba. Kabureta zenyewe hazikusogea hata nywele, na petroli ikaanza kudondokea injini.

Anza na joto. Kwanza mwaga petroli yote iliyomo kwenye vikombe vya chini vya kabureta, chomoa betri, toka nje kwenye hewa. Petroli ikishakauka, draya ya saluni, dakika tano kila mpira, upande wa injini. Moto wa gesi usiulete hata kwa utani.

DadaWaSanawari
Draya ya saluni ina mwenyewe jamani! Mume wangu alinirudishia yangu inanuka petroli, mteja akaniuliza nimebadilisha dawa ya nywele? Chukueni taulo kuukuu, chovya maji ya moto, kamua, zungushia mipira. Matokeo yaleyale, na ndoa inabaki.

MzeeWaSafari (Moshi)
Mimi ni mtu wa mkanda, ule wa kufungia mizigo wenye kikaza. Unavuta kabureta zote nne kwa pamoja. Ila fungua kwanza bolti za boksi la chujio la hewa ulisukume nyuma. Usipofanya hivyo unazitoa mbele kwenda kuzikwamisha nyuma, na nafasi pale ni ya vidole viwili.

Gereji_Unga (Arusha)
Shikamoo mzee. Kwa boksi umenena, wengi hapo ndipo wanapokwama. Ila mkanda mimi nauweka kwa kurudishia. Wakati wa kutoa una nguvu mno na mkono hausikii kitu, unakuja kusikia "ka!" na imeshakuwa hasara. Afadhali mpini wa nyundo uliofungwa tambara, uegemee mwili wa injini, si yale mapezi ya kupoozea. Mapezi yanakatika kama biskuti.

MzeeWaSafari (Moshi)
Marahaba. Mimi nakaza nusu kliki nusu kliki, sijavunja bado. Lakini kwa anayeanza, sawa, aanze na taulo.

Pasua78 (Moshi)
Zimetoka! Asubuhi baridi ya Julai ilinishinda, nikangoja jua la saa saba. Taulo mara tatu, boksi nyuma, nikashika ya kwanza na ya nne nikawa natikisa juu na chini badala ya kulia na kushoto. Ya nne ikaachia kwa mlio wa chupa ya soda, zilizobaki zikafuata. Dada, draya haikuguswa.

Tatizo: mpira wa tatu una ufa kwa ndani, nje huuoni. Nizibe na silikoni?

Gereji_Unga (Arusha)
Hapana. Petroli itailainisha silikoni, vipande viingie kwenye silinda. Na ufa ukivuta hewa, silinda hiyo inapata petroli kidogo hewa nyingi: inachemka, inakohoa, sailensa (mngurumo wa injini bila kuongeza mafuta) haitulii. Nunua minne mipya, maana mitatu iliyobaki ina umri uleule. Na vikombe usivifungue kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Skrubu za Kijapani ni JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani, zinafanana na nyota lakini ukilazimisha unakula vichwa. Ukikosa bisibisi ya JIS, pita gereji nikuazime.

Pasua78 (Moshi)
Jumamosi niko Arusha. Nakuja na ndizi.