Mliopita madarasa aliyopita Mwalimu Nyerere, tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Wazee wetu, shikamooni.

Nafundisha Historia sekondari, mwaka wa 17 huu. Kila Oktoba inapokaribia kumbukumbu ya Mwalimu, wanafunzi wangu huniletea insha ileile: alizaliwa Butiama 1922, akaongoza TANU, akaleta uhuru. Katikati pana miaka mingi ya darasani wanayoiruka kama dimbwi la maji. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Akaenda Tabora 1937, Makerere 1943 hadi 1945, Edinburgh 1949 hadi 1952. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba huyu ndiye. Alikuwa mtoto wa bweni anayesubiri kengele ya chakula.

Waliosoma au kuishi kwenye njia hiyo watusimulie. Na kama lililompata yeye lilikupata wewe mahali pengine, leta pia.

Naanza. Tabora walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba kijana ni mpole mno. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu, kwa sababu mimi nimelifanya. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwenye shule moja ya bweni. Kijana wa kidato cha tano alipendekezwa na wenzake, nikasimama kwenye kikao nikasema huyu hatamudu hata foleni ya ugali. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi, nami ndiye niliyelipitishia kalamu nyekundu. Tukamweka mwenye sauti kubwa. Yule mpole aliendelea kuwafundisha wenzake hesabu usiku, bila cheo, hadi akamaliza. Kila orodha ya viranja inapopita mezani kwangu sasa, namkumbuka.

Karibuni.

Wa Butiama

Shikamoo mwalimu. Kutoka kwetu hadi Musoma mjini ni kama kilomita 40. Leo unapanda gari, unashuka stendi, umefika. Wakati ule ilikuwa miguu.

Mimi nilipelekwa mjini kwa mama mdogo mwaka 1979 nianze darasa la kwanza. Kilichonitesa ni Kiswahili, maana nyumbani tulikuwa Kizanaki mtindo mmoja. Siku ya pili mwalimu akauliza nani hana daftari. Nikaona wa kulia kanyoosha mkono, wa kushoto kanyoosha, nami nikanyoosha. Daftari langu lilikuwa mbele yangu juu ya dawati, limefunikwa kwa gazeti. Mwalimu akalitazama, akanitazama, akaelewa. Akaniita mbele, akaligusa dawati: "dawati." Akagusa ubao: "ubao." Darasa zima likaitikia pamoja nami. Hivyo kila asubuhi, karibu mwezi mzima.

Kambarage, yaani Mwalimu mwenyewe, naye alifika Mwisenge na Kizanaki chake, Kiswahili akakikuta shuleni. Halafu masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Na mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ikatoka 1963. Mimi nikimsikia mtu anasema mtoto wa kijijini hana lugha, huwa naondoka pale.

Dada wa Shinyanga

Naomba niliseme hili, sijawahi kuliandika popote.

Machi 1942, akiwa Tabora mwaka wa mwisho, baba yake Chifu Nyerere Burito alifariki. Akaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Shule ikamkatalia.

Mimi ilikuwa 2006, kidato cha sita, shule ya bweni mkoa wa mbali na kwetu. Jina naliacha. Tulikuwa kwenye mtihani wa moko. Baba alifariki Alhamisi, nyumbani wakapiga simu ofisini, ofisi ikaona nimalize kwanza mitihani. Jumanne jioni ndipo nikaitwa. Niliposikia "kaa chini mwanangu" nikajua. Nilisafiri usiku kucha nikafika tanga limeshaanuliwa: turubai limekunjwa limeegemezwa ukutani, viti vya kukodi vimerudishwa, majivu ya moto waliouota wanaume yamefagiliwa pembeni. Mama alinishika mkono akanipeleka kaburini, maua yalikuwa yameshanyauka.

Walionizuia walidhani wananisaidia. Nilifaulu ule mtihani. Sikumbuki swali hata moja.

Kwa hiyo nikisoma habari za Mwalimu, siendi moja kwa moja kwenye hotuba. Namwona kijana wa miaka 19, 20, amelala bwenini Tabora, kwao wanalia, yeye kesho ana kipindi.

Mpita Njia

Pole sana dada yangu. Nimeshindwa kuendelea, nitarudi baadaye.

Mama wa Bukoba

Pole mwanangu, Mungu amrehemu mzee.

Mimi nilisoma Ualimu Makerere miaka ya tisini. Kwetu Kagera, Kampala ni karibu kuliko Dar. Nilipokuwa pale nikasikia habari ambayo hapa nyumbani sikuwahi kufundishwa: Nyerere mwanafunzi alishinda shindano la uandishi kwa insha juu ya kunyanyaswa kwa wanawake. Alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, akayapima kwenye jamii yake ya Wazanaki. Fikirini jambo hilo. Baba yake alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wao. Kijana ana miaka ishirini na kitu, anaweza kuandika juu ya chochote, anarudi kuangalia nyumba ya mama yake.

Mama yangu hakusoma. Babu alisema ng'ombe wa mahari hawahesabiwi kwa vyeti. Siku naondoka kwenda Makerere, mama alinifungia senene kwenye kopo la maziwa, akaniomba nimwandikie jina lake kwenye kipande cha karatasi ili akae anajifunza kulifuata kwa kalamu. Likizo ya kwanza niliporudi akanionyesha. Herufi zilikuwa kubwa, zinapanda mlima, lakini jina lilikuwa lake. Kuna wanaosema ile insha ilikuwa mazoezi ya ujana tu. Mimi siamini hivyo, na sitaamini.

Mtanzania, Uskoti

Nami nichangie kidogo. Nilisoma shahada ya pili Edinburgh. Mwalimu alifikia Palmerston Road, kusini ya bustani kubwa inayoitwa The Meadows, na chuo kiko upande wa pili. Njia hiyo nimeitembea sana. Novemba saa kumi jioni ni giza, upepo unapenya hadi kwenye meno. Alisoma Kiingereza, uchumi wa kisiasa, falsafa ya maadili, historia, sheria ya katiba, akahitimu 1952.

Ninalolielewa zaidi ni kwamba kabla ya kuondoka alihangaikia nani atamtunza mama yake na waliomtegemea, maana mshahara wa ualimu ungekatika. Nilipopata ufadhili wangu, barua ilieleza nauli, ada, nyumba. Haikueleza wadogo zangu wawili waliokuwa wanasomeshwa na mimi. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nagawa fedha ya chakula mara mbili, nusu Edinburgh, nusu Morogoro. Niliishi kwa dengu. Wadogo zangu wamemaliza wote.

Mjukuu, Tabora

Wengi mmeruka kipande kimoja, ile miaka kabla ya Uingereza, 1946 hadi 1949, alipofundisha St Mary's hapa Tabora. Jioni alikuwa anafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bure.

Babu yangu alikuwa fundi cherehani sokoni, na alikuwa mmoja wao. Alisema walikuwa wanafika na vumbi la kazi, wengine wana miaka kumpita mwalimu wao, na yeye anawaamkia kwanza kabla ya kushika chaki. Hakujua siasa yake. Alijua tu kwamba kijana huyu hachoki kurudia.

Daftari lake tunalo. Jalada limeliwa na mchwa upande mmoja. Ukurasa wa kwanza kuna vipimo vya suruali ya mteja, kiuno na urefu. Chini yake, kwa penseli, ameandika sentensi moja ya Kiingereza mara sita, ya sita ikiwa imenyooka: jina lake, na kwamba yeye ni fundi wa Tabora.